Ua wa misaipresi Lushoto unakauka kuanzia ndani, je, unaokoka au tuung'oe?

BintiUsambara

Habari zenu wana jukwaa, na shikamooni wakubwa.

Nyumbani kwetu ni Lushoto, juu kidogo ya mji, kiwanja cha mteremko. Kimezungushiwa ua wa misaipresi wa kama mita 60, aliupanda marehemu baba alipokuwa anajenga. Sasa anaishi pale mama. Ua huo ndio unaomkinga na vumbi la barabara, upepo wa Julai na mbuzi wa watu. Ukimtajia habari ya kuung'oa habishani, anainuka tu na kuondoka.

Tangu baridi ya mwaka huu ianze, unakauka. Nimefika wiki hii nikauzunguka wote, na hivi ndivyo nilivyouona.

Upande wa barabarani, ukiutazama kwa mbali ni kijani. Ukipenua matawi, ndani ni kahawia tupu na majani yanapukutika ukigusa. Sehemu nyingine ukahawia umeshatokeza nje, kuanzia chini kwenda juu. Sisimizi wanapanda na kushuka muda wote. Matawi yananata mkononi na yamepakwa weusi kama masizi.

Kona ya chini hali ni nyingine kabisa. Miti mitano au sita imekufa mizima, kileleni hadi chini. Ilianza miwili, ikafuata ya jirani, na sasa mti unaofuata umeanza kupauka. Hapo sikuona sisimizi wala kunata.

Upande wa juu, karibu na jiko, ua ni mzima.

Jirani alimwambia mama amwage majivu, akamwaga. Muuza dawa mjini akampa dawa ya ukungu, kijana akapuliza kwa juu, hatukuona tofauti. Ua unapogolewa kwa panga kila Juni. Mwaka huu kijana alikata kwa nguvu, sehemu nyingine akafika kwenye matawi yasiyo na jani.

Naomba anayejua aniambie ni ugonjwa gani, na kama kuna sehemu ya kuokoa. Fedha ya ukuta hatuna.

FundiMatofali

Pole dada. Mimi ningeshauri usipoteze muda. Saipresi ikishaanza kukauka haina kurudi. Ng'oa wote, jenga hata kwa awamu, anza upande wa barabara kwa tofali za kuchoma, mwaka ujao unaendelea. Mteremko kama huo lakini hakikisha unaacha matundu ya maji kwenye msingi, la sivyo masika yatausukuma.

BwanaMisituMstaafu

Binti yangu, marahaba. Umeeleza vizuri kuliko watu wengi wanaoniletea tawi moja kwenye mfuko wa plastiki wakisema "mzee, mti unaumwa". Nimefanya kazi ya misitu ukanda huo wa Usambara, Shume na Magamba, kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, kwa hiyo naomba unisikilize kabla hujashika panga au bomba la dawa.

Ua wako hauna ugonjwa mmoja. Nionavyo mimi ni miwili, na kila mmoja una dawa yake. Ukiutibu kama mmoja utapoteza fedha na miti.

Tuanze barabarani. Kukauka kuanzia ndani na chini, kunata, masizi, sisimizi: huyo ni kidukari wa saipresi. Vidukari wengi mnaowaona kwenye sukuma wiki ni wa kijani au weusi. Huyu ni wa kahawia, mkubwa kidogo, milimita 2 hadi 4, amejipaka unga wa kijivu, anakaa kwa makundi kwenye vijiti na matawi, kule ndani kusikofikiwa na jua. Rangi yake ni ya gome lenyewe, ndiyo maana mtu anaweza kusimama mbele ya ua uliojaa na asimwone hata mmoja. Anafyonza utomvu, na mate yake yanaua kijitawi anapofyonza. Anachokunywa kinazidi anachohitaji, kinachobaki kinamtoka kama maji matamu. Hayo ndiyo yanayonata, ndiyo yanayofuatwa na sisimizi, na ndiyo yanayooteshea ule ukungu mweusi. Kwa hiyo dawa ya ukungu aliyopewa mama ilipigana na masizi, ikamwacha mwenyewe anaendelea kunywa.

Mdudu huyu si wa kwetu. Alionekana Malawi mwaka 1986, akapanda kaskazini kupitia Tanzania, na ilipofika 1990 alikuwa ameingia Kenya. Nayakumbuka mashamba ya saipresi ya miaka ile, mteremko mzima unageuka kahawia watu wakidhani umeungua moto. Hakuchagua saipresi peke yake, alishambulia na mitarakwa yetu ya asili, na kule Malawi ule mwerezi wa Mulanje ambao haupo penginepo duniani. Majike wanazaa bila dume, tena wanazaa watoto hai, si mayai. Kwa wiki tatu au nne kizazi kipya kimekuwa tayari kuzaa. Kipindi chake kizuri ni hiki, baridi na ukavu, Juni hadi Septemba. Mvua kubwa zinamwangusha.

Hakikisha kwa macho yako. Chukua karatasi nyeupe, ishike chini ya tawi la ndani, pale kahawia inapokutana na kijani, kisha ligonge tawi kwa nguvu. Ukiona vidudu vya kahawia vinatembea taratibu, umempata.

Sasa kona ya chini. Miti kufa mizima, mmoja baada ya mwingine kwa mstari, bila mdudu wala masizi, hiyo haitoki juu. Inatoka ardhini. Nina maswali mawili. Je, hapo palikuwa na mti mkubwa zamani, uliokatwa kisiki kikaachwa? Na je, kwenye mashina hayo kuna ulimbo uliotoka karibu na udongo?

Fanya hivi. Chagua mti unaopauka, si ule uliokauka zamani. Fukua udongo kuzunguka shingo yake, kina cha kiganja hivi. Kwa kisu, banua kipande cha gome pale pale usawa wa udongo. Kama chini ya gome kuna utando mweupe, laini, uliotandazika kati ya gome na mti, na unanuka uyoga, usiende mbali zaidi, jibu umelipata.

Na la mwisho, kwenye yale matawi yaliyokatwa sana Juni, kwangua gome kwa ukucha. Kijani chini yake maana yake pana uhai. Kahawia kavu maana yake basi. Saipresi haichipui kutoka kwenye tawi la zamani lisilo na jani. Haifanyi kama mti wa kahawa, unaoukata kwenye kisiki ukakuletea machipukizi. Hili FundiMatofali amelisema sawasawa, ila halina maana kwamba mti wote umekufa. Lina maana kwamba pale palipokufa patabaki pamekufa.

Rudi na majibu. Mpaka hapo usikate, usipulize, usimwage mbolea.

BintiUsambara

Mzee shikamoo tena, na asante sana.

Karatasi nimeigonga. Wamejaa. Mama amewaona kwa mara ya kwanza, anasema alikuwa anadhani ni vumbi la gome.

Kona ya chini nimefukua. Utando mweupe upo, na harufu ni ya uyoga kweli kweli. Ulimbo umeganda kuzunguka shina, umeshikana na udongo. Na kisiki kipo. Mama anasema palikuwa na mti mkubwa wa asili, uliangushwa kwa sababu ulitishia bati la nyumba ya jirani. Kisiki kimefunikwa na majani ya maboga, mimi nilikuwa sijui kama kipo. Mama anakumbuka uyoga wa rangi ya asali ukiota hapo kwa vishada wakati wa mvua.

Matawi ya Juni nimekwangua. Mengi ya ndani ni makavu. Yale yaliyobakiwa na majani kidogo yana kijani.

BwanaMisituMstaafu

Basi tumeshajua tunapigana na nani. Marahaba binti, na mpe mama salamu zangu. Mwambie ua wake sehemu kubwa utabaki.

Naanza na kona, maana huko ndiko kusikosubiri. Hiyo ni Armilaria, uyoga unaokula mizizi. Unaishi kwenye kisiki na mizizi mikubwa iliyobaki ardhini baada ya mti wa msituni kukatwa, unaweza kukaa humo miaka mingi, na unahamia mti mzima pale mizizi inapogusana. Wakulima wa chai wa nyanda za juu wanaujua vizuri. Ndiyo maana zamani kwenye mashamba ya chai mti mkubwa haukuangushwa hivi hivi, ulivuliwa gome kwanza kuzunguka shina ukaachwa ufe umesimama, ili wanga uliomo mizizini uishe na uyoga ukose chakula. Ukiuangusha ungali mbichi, umeuwekea uyoga ghala.

Hakuna dawa ya kupuliza itakayofika huko. Kazi ni ya jembe na sururu. Ng'oeni miti yote iliyokufa pale, na ule unaopauka, na mmoja unaoonekana mzima unaoufuata, kwa sababu huo mizizi yake imeshaguswa. Najua inauma kung'oa mti wa kijani. Ng'oeni. Kisha kisiki chenyewe, na kila mzizi mnene kuanzia kidole gumba mtakaoukuta. Vyote vichomwe hapo hapo, visikokotwe kupita kwenye ua mzima. Kati ya shimo hilo na ua uliobaki, chimbeni mfereji wa kina cha sentimita 60 au zaidi, mkate kila mzizi unaovuka, na udongo mnaoutoa mwagieni upande wa ugonjwa, si upande wa uzima. Mteremko wenu unasaidia, kwa kuwa kona iko chini. Angalieni tu mfereji usigeuke korongo mvua za vuli zikija.

Hapo pasipandwe mti wowote kwa sasa. Pandeni mahindi, maharage, majani ya ng'ombe, kitu cha msimu. Udongo upigwe jua.

Sasa barabarani. Dawa ya kwanza ni sabuni. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kijiko kimoja cha chai kwa lita ya maji, pulizia jioni. Lakini sabuni inamuua mdudu inayemgusa tu, na vidukari wako ndani. Kijana apenue matawi, aingize mdomo wa bomba, aloweshe vijiti hadi maji yadondoke. Akipuliza kwa juu kama alivyofanya na ile ya ukungu, mmeosha majani. Rudieni baada ya siku tano hadi saba, na mara nyingine tena, kwa sababu wanaozaliwa hawakuonja ya kwanza. Kila mara mgonge karatasi kabla na baada.

Kama baada ya hapo bado wamejaa, ndipo mfikirie dawa inayoingia mtini ikapanda na utomvu. Mwulize muuza dawa yenye imidaklopridi, angalia kibandiko kina namba ya usajili wa TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, fuata kipimo kilichoandikwa. Mimi naiweka mwisho kwa makusudi. Nyuki wanakuja kulamba yale maji matamu ya vidukari, na dawa hiyo inaua nyuki. Lushoto watu wana mizinga. Tena isimwagwe karibu na bustani ya mboga wala juu ya kisima.

Sisimizi msiwapuuze. Wanawalinda vidukari dhidi ya maadui wao, wale wadudu wekundu wa mviringo wenye madoa meusi, na nyigu wadogo wanaotaga ndani ya kidukari. Kuna nyigu mmoja aliyeletwa Malawi mwaka 1994 kwa kazi hiyo hiyo, na alisaidia sana mashamba ya saipresi. Tafuta kichuguu chao, mwagia maji ya moto mbali na mizizi. Kata matawi yanayolala chini au yanayoegemea nguzo, ndiyo madaraja yao.

Kupogoa: matawi makavu ya ndani yatoeni kwa mkono na mkasi, mwanga na hewa viingie. Kijani msikiguse hadi mvua za vuli zishike. Mkianza kupogoa, msiingie nyuma ya jani la kijani, kamwe. Na umbo libadilike. Nyua nyingi hapa zinakatwa pana juu na nyembamba chini, kivuli cha juu kinaua chini, ndipo mbuzi wanapopita. Chini pawe papana, juu pembamba kidogo.

Maji: mara moja kwa wiki hadi yafike chini, ni bora kuliko kikombe kila siku. Tandazeni nyasi kavu mashinani bila kugusa shina. Majivu basi. Mbolea ya kukuzia msitie sasa, jani laini lenye naitrojeni ndilo chakula anachokipenda kidukari.

MtuWaMarangu

Mzee ametufundisha wengi leo. Mimi naomba kuongeza kuhusu yale mapengo, maana kwa maelezo haya mapengo yatakuwepo.

Kwetu Kilimanjaro mpaka wa kihamba, yaani shamba la nyumbani, ni masale, ile mimea ya majani marefu. Kila Mchaga anajua heshima yake, ukimkosea mtu unamwendea na isale kuomba radhi, na mpaka wa masale haung'olewi hovyo. Kwa ua pia yanafaa: unakata kipande cha shina, unachomeka wakati wa mvua, yanashika. Hayakinzi vumbi kama saipresi, lakini hayafi kirahisi. Mama anaweza kujazia mapengo ya barabarani kwa masale huku saipresi iliyobaki ikiendelea.

Asipande saipresi changa kwenye pengo. Itakaa kivulini mwa kubwa, itadumaa, na vidukari watahamia humo kwanza.

ShangaziLimuru

Nawasalimu kutoka Limuru. Hapa Kiambu hadithi ni hiyo hiyo, fensi za saipresi zilikauka sana miaka ya tisini, barabara baada ya barabara. Waliopanda tena saipresi tupu, wengi wamerudi pale pale. Na hii si mara ya kwanza: kabla ya saipresi hii tuliyonayo, Kenya ilikuwa imepanda ile ya California, makrokapa, ikaja ikauawa na ugonjwa wa vidonda vya gome, ndiyo watu wakahamia hii. Mtu akiona tawi moja moja limekufa, na juu yake kidonda kilichopasuka kinachotoa ulimbo katikati ya tawi, si chini kwa udongo, ajue ni hicho. Akate chini ya kidonda, achome, na apanguse mkasi kwa spiriti kabla ya kugusa mti mwingine.

Sisi tuliweka kaiyaba, nadhani nyinyi mnaita michongoma. Ile yenye miiba mirefu na matunda ya manjano machachu. Asili yake ni Afrika Kusini, inastahimili baridi na kiangazi. Ua wake ng'ombe hapiti, na mwizi akipita anaacha shati. Unachukua matunda yaliyoiva, unaosha nyama yote itoke, unakausha mbegu kivulini, unaotesha kitaluni. Ukihamisha, panda mistari miwili, mche na mche futi moja, wa mstari wa pili ukitazama nafasi ya wa kwanza. Miaka miwili ya mwanzo inaenda polepole hadi unakata tamaa. Mvumilie. Ikishika, inadai mkasi mara mbili kwa mwaka. Lakini usiipande kwa njia ya watoto wa shule, ile miiba inaingia kwa kandambili.

BintiUsambara

Asanteni wote. Nimemsomea mama kila kitu. Amekubali kona ing'olewe, hata ule mti wa kijani. Jumamosi vijana wanakuja na sururu. Sabuni tumeanza jana jioni.

Mzee, nina swali moja. Michongoma naweza kuipanda kwenye ile kona badala ya mahindi? Ndiyo sehemu wanayopitia mbuzi.

BwanaMisituMstaafu

Hapana binti, bado. Mchongoma nao ni mti, una mizizi minene, na sina uhakika wa kutosha wa kukwambia Armilaria itauacha. Kwenye kona wekeni fito na waya kwa sasa, na mahindi ndani yake. Kila mvua zikianza, pita uangalie kama uyoga wa asali unaota. Ukiota, kuna mzizi mliousahau, fuateni hapo hapo chini yake mchimbe.

Mbegu za mchongoma oteshe sasa hivi kitaluni kwa ajili ya mapengo ya barabarani. Miche ikifika urefu wa kiganja na masika yakikaribia, changanya: mchongoma, masale, kisha saipresi iliyopona. Kabla ya kuchimba kila shimo, banua gome la saipresi ya jirani yake usawa wa udongo. Kama chini yake hakuna utando mweupe na pana rangi safi ya mti, chimba.